Gamba Dogo, Ushahidi Mkubwa: Jinsi Kemia ya Bahari za Kale Inavyosomwa



Ndugu msomaji, kuna swali linalojitokeza mara kwa mara katika mijadala ya mabweni, na mara nyingi huulizwa kwa dhihaka: "Hao wanaosema bahari ilikuwa na joto la nyuzi kadhaa miaka milioni 40 iliyopita, walikuwepo?" Swali hili si la kudharauliwa. Hakuna mwanadamu aliyekuwepo, hapakuwa na kipimajoto, na maji yale yamekwisha kuzunguka na kuchanganyika mara nyingi mno. Kwa hiyo anayedai kwamba anajua habari za bahari ile ana wajibu wa mambo mawili: amlete shahidi wake, kisha aeleze kwa nini shahidi huyo aaminiwe.

Katika makala haya tutamtazama shahidi mmoja tu, naye ni gamba la kiumbe wa baharini aitwaye foraminifera. Gamba hilo kwa kawaida halifiki hata milimita moja. Tutaona kiumbe huyu ni nani, gamba lake linahifadhi habari gani, linaweza kudanganya vipi, na namna wataalamu walivyogundua udanganyifu huo kwa kutumia udongo wa Kilwa, pwani ya kusini ya Tanzania. Mwisho tutajiuliza jambo hili linatuhusu nini sisi tunaosoma bara, mbali na mawimbi.

Foraminifera ni nani?

Foraminifera ni viumbe vya seli moja. Si wanyama wala si mimea. Hata hivyo seli hiyo moja hujijengea nyumba yenye vyumba kadhaa, na kila inapokua huongeza chumba kipya. Wengi wao hujenga kwa kaboneti ya kalsiamu, ambayo ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika ganda la yai na katika mawe ya chokaa.

Wako wa aina kuu mbili. Kuna wanaoelea karibu na uso wa bahari, na leo spishi zao zinazojulikana ni kama 50 tu. Kuna na wanaoishi juu ya sakafu ya bahari au ndani ya tope lake, na spishi zao ni maelfu. Mgawanyo huu una faida kubwa kwa mtafiti. Anayeelea juu hutoa habari za maji ya juu, na anayeishi chini hutoa habari za kilindini. Wote wawili huzikwa katika tope moja.

Kiumbe anayeelea huishi kwa muda mfupi tu. Akifa, gamba lake huzama na kutulia chini. Juu yake huja lingine, na juu ya hilo lingine tena. Katika bahari kuu mashapo haya huongezeka kwa sentimita chache tu katika kila miaka 1,000. Watafiti huteremsha bomba hadi ndani ya mashapo hayo na kuvuta juu mche mrefu wa tope, ambao kadiri unavyoshuka chini ndivyo unavyorudi nyuma katika wakati. Kisha huosha tope kwa chujio laini, hukausha, na kuchagua magamba moja moja chini ya hadubini kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa.

Wapo foraminifera wakubwa pia. Mawe mengi ya piramidi za Giza yamejaa waitwao numuliti, wenye umbo la sarafu au la dengu. Mwanajiografia Strabo, aliyeandika takriban miaka 2,000 iliyopita, alitaja simulizi ya watu wa huko kwamba vijiwe hivyo ni masalio ya chakula cha wajenzi yaliyogeuka mawe. Watu waliona kitu cha kweli, lakini maelezo yao hayakuwa sahihi.

Katika karne ya 11, Abu Rayhan al-Biruni alitazama jambo kama hilo kwa jicho lingine. Katika kitabu chake cha kupima mahali ilipo miji na umbali kati yake, alieleza kwamba jangwa la Arabuni lilikuwa bahari. Hoja yake ilitokana na vitu vinavyoonekana watu wachimbapo visima: matabaka ya udongo, mchanga na kokoto, na ndani yake makombe ya viumbe wa majini. Hakukimbilia hadithi. Aliuliza kombe limefikaje pale, akafuata jawabu mpaka mwisho wake. Elimu tunayoizungumzia leo inatembea katika njia hiyo hiyo, ila sasa haiishii kwenye kuliona gamba. Inaingia ndani ya atomi zake.

Gamba linahifadhi nini?

Foraminifera huchukua vifaa vyote vya ujenzi kutoka katika maji anamoishi. Kwa hiyo gamba hubeba dalili ya maji hayo, kama chungu kinavyobeba rangi ya udongo wa bonde lilikochimbwa. Zipo dalili nyingi zinazopimwa, lakini tatu zinatutosha kuufahamu msingi.

Dalili ya kwanza ni oksijeni. Atomi za oksijeni hazilingani kwa uzito. Zaidi ya asilimia 99.7 ni oksijeni-16. Chache sana, kama 2 katika kila 1,000, ni oksijeni-18, ambayo ni nzito zaidi. Hizi huitwa isotopi. Mwaka 1947 mkemia Harold Urey alionesha kwa hesabu kwamba uwiano wa isotopi hizo katika kaboneti unategemea joto la maji: maji yakiwa baridi, gamba huchukua oksijeni-18 kwa wingi kidogo zaidi. Joto likipanda kwa takriban nyuzi 4 hadi 5 za Selsiasi, uwiano huo hushuka kwa sehemu 1 tu katika 1,000. Ni tofauti ndogo, lakini mashine inayotenganisha atomi kwa uzito wake, yaani spektromita ya masi, huiona bila shida.

Mwaka 1955 Cesare Emiliani alitumia njia hiyo kwa foraminifera wa mashapo ya bahari kuu, akachora mfululizo wa vipindi vya joto na baridi. Kisha likaja sahihisho. Mwaka 1967 Nicholas Shackleton alionesha kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko yale haikutokana na joto bali na barafu. Maji yenye oksijeni-16 hupanda kuwa mvuke kwa wepesi zaidi. Mvuke huo ukianguka kama theluji na kubaki nchi kavu kama barafu, bahari hubaki na oksijeni-18 nyingi zaidi. Kwa maneno mengine, namba moja ilikuwa imebeba habari mbili, na aliyesoma habari moja tu alikosea kipimo.

Dalili ya pili, ambayo ilisaidia kutenganisha habari hizo mbili, ni magnesiamu. Wakati wa kujenga gamba la kalsiamu, kiumbe huingiza pia magnesiamu kidogo, na maji yakiwa ya moto huingia zaidi. Kwa spishi nyingi zinazoelea, kiasi cha magnesiamu kwa kalsiamu huongezeka kwa takriban asilimia 9 kwa kila nyuzi moja ya joto. Barafu ya nchi kavu haibadilishi uwiano huu kama inavyobadilisha oksijeni. Hivyo mtafiti hupima joto kwa magnesiamu, huliondoa katika hesabu ya oksijeni, na kinachobaki humweleza kuhusu barafu.

Dalili ya tatu ndiyo inayogusa moyo wa mada yetu, nayo ni boroni. Boroni ina isotopi mbili: boroni-11, ambayo ni kama asilimia 80, na boroni-10, ambayo ni kama asilimia 20. Katika maji ya bahari boroni huwa katika sura mbili, asidi ya boroni na ayoni ya borati. Ni ipi kati ya hizo itakayozidi? Hilo linaamuliwa na pH, yaani kipimo cha uasidi. Maji yakiwa na uasidi zaidi, asidi ya boroni huzidi. Uasidi ukipungua, borati huongezeka.

Sasa fuatilia hatua hii kwa makini. Boroni-11 huelekea zaidi kwenye asidi ya boroni, na boroni-10 huelekea zaidi kwenye borati. Gamba nalo huchukua hasa borati. Uasidi unapokuwa mkubwa, borati ni chache na imejaa boroni nyepesi, na gamba hutoka likiwa na boroni nyepesi zaidi. Uasidi unapopungua, sehemu kubwa zaidi ya boroni hugeuka borati, na boroni-11 nayo haina budi kuingia humo, ndipo gamba huwa na boroni nzito zaidi. Kwa hiyo uzito wa boroni katika gamba hutueleza pH ya maji.

Kutoka pH tunafikaje kwenye hewa ya juu? Kaboni dayoksaidi, yaani hewa ya ukaa, huyeyuka baharini na kuwa asidi hafifu. Hewa hiyo ikiongezeka angani, uso wa bahari huongezeka uasidi. Mtafiti akiwa na pH, joto, na kipimo kingine kimoja cha kemia ya kaboneti katika maji, anaweza kukadiria kiasi cha hewa ya ukaa kilichokuwa angani. Hivi ndivyo gamba la chini ya bahari linavyotoa habari za anga ambalo halikuligusa kamwe.

Shahidi aliyechanganyikiwa

Hapa ndipo pana somo lenyewe, ndugu msomaji. Mashine inaweza kupima kwa usahihi wa ajabu, na bado jibu likawa si la kweli, kwa sababu shahidi mwenyewe amebadilika.

Aliyesoma japo utangulizi wa elimu ya hadithi anakumbuka kwamba wanazuoni hawakutosheka kuuliza kama mpokezi ni mkweli. Waliuliza pia kama kumbukumbu yake ilibaki salama. Walikuwepo wapokezi waaminifu ambao uzeeni kumbukumbu zao zilichanganyika. Mpokezi wa namna hiyo aliitwa mukhtalit. Hakuitwa mwongo. Yaliyopokewa kwake kabla ya kuchanganyikiwa yalikubaliwa, yaliyopokewa baada yake hayakutegemewa, na yasiyojulikana yalipokewa lini yalisimamishwa. Mfano huu tunautoa kwa ajili ya kufahamisha tu, kwani kila elimu ina misingi yake. Lakini unafaa sana hapa.

Gamba linapozikwa katika tope la bahari kuu, maji huendelea kupita kati ya chembe za tope hilo. Taratibu, kwa mamia ya maelfu na mamilioni ya miaka, kaboneti ya asili huyeyuka kidogo kidogo na nyingine mpya hujengeka mahali pake. Umbo la gamba hubaki, vyumba vyake vinahesabika, na chini ya hadubini ya kawaida mtaalamu anaweza kuitaja spishi yake bila kusita. Lakini kaboneti ile mpya imejengeka chini kilindini, kwenye maji ya baridi. Kiumbe aliishi juu, kwenye joto la Ikweta. Ukipima gamba lake sasa, unapata mchanganyiko wa joto la juu na baridi ya chini, na unasoma namba isiyo ya juu wala ya chini.

Jambo hili liliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Ilijulikana kwamba katika kipindi cha Eosini, kati ya miaka milioni 56 na milioni 34 iliyopita, ncha za dunia zilikuwa na joto na kwa sehemu kubwa hazikuwa na barafu. Mifano ya kompyuta ilisema kwamba hewa ya ukaa ikiwa nyingi, joto hupanda duniani kote, na ukanda wa tropiki hausazwi. Lakini magamba ya foraminifera wa tropiki yalisema maji ya uso wa bahari yalikuwa na nyuzi 15 hadi 23 tu, yaani baridi kuliko bahari ya Mombasa ya leo. Je, mifano ilikuwa na kosa? Au kuna nguvu fulani inayoukinga ukanda wa tropiki usipate joto?

Tuone uzito wa swali hilo. Kama kinga hiyo ipo kweli, basi sisi wa Afrika ya Mashariki tungekuwa na sababu ya kulala usingizi: dunia ikipata joto, kwetu pasingebadilika sana. Mtu angeweza kuijengea sera nchi nzima juu ya namba hiyo.

Udongo wa Kilwa

Jawabu lilitoka jirani zetu. Katika pwani ya kusini ya Tanzania, pande za Kilwa na Lindi, kuna matabaka mazito ya udongo wa mfinyanzi yaliyotua chini ya bahari kuanzia mwisho wa zama za Kretasia hadi Oligosini. Baadaye yaliinuka, na leo yako nchi kavu. Udongo huu ni laini na umeshikamana kiasi kwamba maji hayapiti ndani yake kwa urahisi. Magamba yaliyozikwa humo yalifungiwa kama nafaka katika ghala kavu.

Kundi la watafiti lililoongozwa na Paul Pearson, ambamo alikuwemo mtaalamu wa visukuku Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, lilichunguza magamba yaliyohifadhiwa katika udongo wa namna hii, yakiwemo ya Tanzania. Tofauti ilionekana hata kabla ya kupima. Magamba ya kawaida ya bahari kuu ni meupe, hayapitishi mwanga, kama vipande vya chaki. Haya yalikuwa angavu kama kioo. Chini ya hadubini ya elektroni, magamba ya aina ya kwanza yalionekana yamejaa fuwele nene zilizoota baadaye. Ya udongo wa mfinyanzi yalikuwa bado na chembe ndogo ndogo za ujenzi wa asili na vitundu vyake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la Nature. Joto la uso wa bahari ya tropiki katika mwisho wa Kretasia na katika Eosini lilikuwa angalau nyuzi 28 hadi 32. Ile baridi ya tropiki haikuwahi kuwepo, bali ilitokana na magamba yaliyobadilika baada ya kuzikwa. Miongoni mwa waandishi wa utafiti huo alikuwemo Nicholas Shackleton, yule yule aliyesahihisha usomaji wa oksijeni mwaka 1967.

Tusiwadharau waliotangulia. Hawakughushi namba. Walipima kwa uaminifu kile walichokuwa nacho, na vipimo vyao vilirudiwa na kuthibitishwa. Tatizo ni kwamba mashahidi wote walikuwa wamezikwa katika tope la namna moja na kupatwa na jambo moja. Mashahidi mia wenye kasoro ile ile hawawi mia. Ni kama mmoja aliyerudiwa mara mia. Kilichohitajika ni shahidi aliyetoka njia nyingine.

Barafu ya Antaktika ilipozaliwa

Udongo huo wa Kilwa ulijibu na swali la pili. Takriban miaka milioni 34 iliyopita, mwishoni mwa Eosini, bara la Antaktika lilianza kufunikwa na barafu kubwa. Kwa nini? Wengine walisema ni kwa sababu bara hilo lilitengana na mabara jirani na mikondo ya bahari ikabadilika. Wengine walisema ni kwa sababu hewa ya ukaa ilipungua angani.

Visima vya utafiti vilivyochimbwa katika eneo hilo vilivuta juu udongo uliotua wakati huo huo wa mpito, ukiwa na magamba yake angavu. Mwaka 2009 Paul Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade walichapisha vipimo vya boroni kutoka katika magamba hayo. Vilionesha kwamba hewa ya ukaa ilishuka kabla ya barafu kukua kwa nguvu, kisha ikapanda tena kwa muda, kisha ikaendelea kushuka polepole. Wakati barafu ilipokuwa inakua kwa kasi kubwa, makadirio ya kati yalikuwa sehemu 760 katika kila milioni ya hewa.

Sasa angalia namna walivyoitoa namba hiyo. Hawakuandika 760 wakanyamaza. Waliandika kwamba kiasi cha kweli kinaweza kuwa popote kati ya takriban 450 na 1,500. Upana huo unatokana na mambo yanayojulikana: boroni ya bahari nzima hubadilika taratibu katika mamilioni ya miaka, na kile kipimo cha pili cha kemia ya kaboneti kinapaswa kukadiriwa. Ukisikia mtu anataja namba moja tu kuhusu zama za kale bila kutaja upana wake, mwombe upana. Na ukisikia mwingine anasema, "Kwa kuwa hawana hakika ya namba, basi hawajui lolote," mwambie kwamba mwelekeo wa kushuka ulionekana hata kama namba kamili ina nafasi ya kuyumba.

Ushahidi huhakikiwa vipi?

Mbali na kuangalia kama gamba ni angavu, wataalamu wana njia nyingine za kumhoji shahidi. Tutaje tatu.

Kwanza, huchagua magamba ya spishi moja na ya ukubwa unaokaribiana, kwa sababu kila spishi ina tabia yake ya kujenga na kina chake cha kuishi. Ukichanganya spishi, unachanganya maji ya vina tofauti.

Pili, hupima viumbe walio hai leo. Foraminifera hufugwa katika maabara ndani ya maji yenye joto na pH inayojulikana, kisha magamba yao hupimwa ili ijulikane namba ipi inalingana na hali ipi.

Tatu, hulinganisha na shahidi wa njia nyingine kabisa. Barafu ya Antaktika imefungia viputo vya hewa ya kale, na mche wa barafu wa mahali paitwapo Dome C umefika miaka 800,000 nyuma. Hewa hiyo hupimwa moja kwa moja. Boroni ya foraminifera wa kipindi hicho ilipokokotolewa, ilifuata kupanda na kushuka kule kule kunakoonekana katika barafu. Gamba halikuwahi kuonana na barafu. Walipokubaliana, ndipo tukapata sababu ya kulisikiliza gamba katika zama ambazo barafu haifiki.

Linatuhusu nini?

Katika miaka hiyo 800,000, hewa ya ukaa haikuzidi takriban sehemu 300 katika milioni. Kabla ya viwanda ilikuwa kama 280. Leo imepita 420. Bahari imemeza takriban robo ya hewa ya ukaa tunayoitoa, na pH ya uso wake imeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1. Mtu anaweza kusema ni nukta moja tu. Lakini kipimo cha pH hakiendi kwa hatua sawa: nukta hiyo moja ni ongezeko la uasidi la karibu asilimia 30.

Foraminifera wenyewe wamekwisha kulihisi jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha magamba ya spishi iitwayo Globigerina bulloides yaliyokusanywa siku hizi katika Bahari ya Kusini na yale ya spishi hiyo hiyo yaliyozikwa chini yake kabla ya zama za viwanda. Ya siku hizi ni mepesi kwa asilimia 30 hadi 35.

Tukirudi nyuma zaidi, miaka milioni 56 iliyopita, tunakuta tukio linalofanana na letu. Kaboni nyingi iliingia angani na baharini, dunia ikapata joto la ziada la takriban nyuzi 5, na boroni inaonesha pH ya uso wa bahari ilishuka kwa takriban 0.3. Mahali pengi kilindini kaboneti iliyeyuka, na katika miche ya mashapo tope jeupe hukatika ghafla na mahali pake kuonekana udongo mwekundu. Spishi nyingi za foraminifera wa kilindini zilitoweka. Bahari ilihitaji zaidi ya miaka 100,000 kurejea hali yake. Na kwa kadiri wataalamu walivyoweza kukokotoa, kaboni ya wakati ule iliingia kwa kasi iliyo takriban sehemu moja ya kumi ya kasi yetu ya leo.

Msomaji wa Kampala, Kigali au Bujumbura anaweza kusema bahari iko mbali. Lakini mvua zetu zinafungamana na joto la Bahari ya Hindi. Mwishoni mwa mwaka 2019 upande wa magharibi wa bahari hiyo ulikuwa na joto lisilo la kawaida, na mvua kubwa zikamwagika Afrika ya Mashariki. Mwaka 2020 Ziwa Victoria likavuka kiwango lilichofikia mwaka 1964, na wakazi wa kandokando yake wakahama nyumba zao. Kwa hiyo swali kama ukanda wa tropiki una kinga dhidi ya joto si la wanajiolojia peke yao. Udongo wa Kilwa umelijibu: kinga hiyo haionekani.

Ndugu zangu, kaka na dada, tuchukue mambo mawili tunapotoka hapa. La kwanza ni kwamba lile swali la bwenini, "Walikuwepo?", lina jawabu. Hawakuwepo, lakini wana shahidi, na shahidi huyo amehojiwa kwa ukali kuliko wengi tunaowaamini kila siku kupitia simu zetu. La pili ni kwamba kuhoji ushahidi si kuukataa. Waliogundua kosa la magamba meupe hawakuitupa elimu yote. Walimtafuta shahidi aliye salama zaidi, na walipompata walibadilisha kauli yao. Mwanafunzi anayejua kufanya hivyo, awe anasoma kemia, sheria au uchumi, atakuwa na faida kwa watu wake.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kwa nini magamba mengi yenye kasoro moja hayaongezi nguvu ya ushahidi? Toeni mfano kutoka katika fani mnayosoma.

2. Oksijeni ya gamba hubeba habari mbili kwa pamoja. Zitajeni, kisha elezeni jinsi magnesiamu inavyosaidia kuzitenganisha.

3. Mtu akikwambia makadirio ya kati ya 450 na 1,500 ni mapana mno hata hayana maana, utamjibu nini?

Wabillahi tawfiq.